Mchumba Aliyetema Chai ya Mama

Mchumba wangu analipwa kunywa chai na kuitema. Ndiyo kazi yake kwenye mnada wa chai. Vikombe vyeupe hupangwa mezani, kila kimoja na chai ya shamba lake, naye hupita akivuta kijiko kimoja kimoja kwa mlio wa turubai linalochanika, kisha puu, kwenye ndoo. Nampenda hivyo hivyo.

Siku ya kumpeleka kwetu nilimpa onyo moja tu: "Mama akikupa chai, meza."

Mama ni fundi cherehani, na kwetu uamuzi ni wake. Baba hupiga kura, mama hutangaza matokeo. Mchumba wa dada yangu aliambiwa, "Tutafikiri," na mpaka leo mama anafikiri. Nilijua akimkataa huyu wangu, nitalia mwaka mzima.

Mambo yalianza vizuri. Aliamkia, akaketi, akacheka mizaha ya baba ambayo haichekeshi. Mama akaleta chai ya rangi, akammiminia mwenyewe, akasimama kumtazama.

Jamani, mazoea! Akainua kikombe, akafumba macho, akavuta. Mlio huo! Paka akatoka mbio. Halafu, mimi nikiona kwa macho yangu, akageuka upande akaitema kwenye chungu cha maua.

Baba alikohoa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Umetema chai yangu?" mama aliuliza taratibu. Mama akiongea taratibu, kimbia.

"Nisamehe, mama," alisema, jasho likimtoka. "Ni mazoea ya kazi, si kwamba ni mbaya. Hii umeichanganya mwenyewe. Kuna majani ya mashamba ya juu, kwenye baridi, ndiyo yanatoa hii harufu ya maua. Kuna ya bondeni kwenye joto, hayo yanatia rangi na ukali. Na kuna..." Alionja tena, safari hii akameza. "Kuna ya shamba la tatu, yaliyoulainisha ule ukali. Hayo siyajui, mama. Nisikudanganye."

Mama akakaa. Akamgeukia baba. "Miaka yote hii nahangaika na makopo matatu. Wewe umeshawahi kusema nini kuhusu chai yangu?"

"Kwamba ni ya moto," baba alijibu.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Nilipomwangalia vizuri, nikaona si machozi ya kicheko peke yake. Kumbe alikuwa akingoja siku nyingi mtu atambue.

"Hayo ya tatu ni siri ya nyumba hii," alisema akiinuka. "Mgeni haambiwi."

Roho yangu ikazama. Mchumba wangu akainamisha kichwa. Mama akaingia jikoni, tukasikia akivuta kigoda na kupekua kabati la juu. Akarudi na kopo lililochubuka rangi, akabandua kifuniko mbele ya pua ya mchumba wangu.

"Nusa, mwanangu."