Leni ya Kushoto

…na kwa nini asipige magoti upande huu wa majani, Marlys alijiuliza, ingawa jibu alilijua, tairi lililopasuka lilikuwa la kushoto, upande wa barabara, na Curtis wa gari la kuvuta magari mabovu hakuwa na namna ila kuwapa mgongo watu wote waliokuwa wakikimbilia Omaha saa nne hii ya asubuhi, mgongo mpana wenye kizibao cha kung'aa, na Verlin naye alivaa kizibao kama hicho, kipya, kilionekana kwenye picha… usianze, alijiambia, angalia mahindi, lakini mahindi yalikuwa nyuma yake na shingo ilikataa kugeuka. "Rudi nyuma kidogo tena, mama," Curtis alisema bila kuinua kichwa, "nyuma ya hicho chuma cha ukingo wa barabara, nikigongwa angalau abaki wa kusimulia," akacheka mwenyewe, nati ya kwanza ikalia na kulegea, gari jekundu likapita karibu mno hadi shati la Curtis likapepea, na Marlys akafumba macho, kwa sababu miaka sita sasa kila gari lililopita hivyo lilikuwa lake mwenyewe, lile dogo la kijivu, na kishindo kile kisichokuwa kikubwa, hilo ndilo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba hakikuwa kishindo kikubwa.

"Umemwona huyo? Leni nzima ya kushoto iko tupu, na bado ananipitia sikioni. Sheria yenyewe nyepesi, ukiona taa zinawaka pembeni unahama, ukikosa pa kuhamia unapunguza mwendo. Binti yangu wa darasa la pili anaielewa."

"Ndiyo," alisema Marlys, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, ndiyo, anaielewa, naye pia aliielewa, alifundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka thelathini, kuelewa hakukumshinda… kulikuwa na treila kushoto kwangu, afisa, lilinibana, sikuwa na pa kwenda, maneno yalijitokea yenyewe pale pembeni mwa barabara huku meno yakigongana, afisa akayaandika, hakimu akayasoma, wakamnyang'anya leseni miezi sita, basi, na mjane wa Verlin, Joleen, akamfuata kwenye korido ya mahakama, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mumewe, akamshika mikono yote miwili, "Kama hukuwa na pa kwenda, hukuwa na pa kwenda," akasema, "mimi sina kinyongo nawe, nenda nyumbani ukalale," na mikono ile ilikuwa ya moto, alikuwa na homa, ana homa na anamfariji yeye… "Tulimzika mwenzetu mmoja kule York," Curtis alikuwa akisema, tairi bovu likiwa tayari limelala kwenye changarawe, "Verlin Kasper, magari ya kuvuta zaidi ya mia yalimsindikiza, taa zote zinawaka, na lake ndilo mbele, linaendeshwa na mkewe. Yule mama aliyemgonga hakuwa na makosa sana, wanasema, alibanwa na treila. Mie huwa namfikiria. Namwonea huruma, kusema kweli, kuishi na kitu kama hicho."

Anamwonea huruma, anapiga magoti pale pumzi mbili kutoka kwenye magurudumu na anamwonea huruma, na Joleen angali anaamini, watu wote wa kazi hii wanaamini, uongo wake umezunguka Nebraska nzima umerudi kumpata hapa, umekuwa mwema kuliko yeye… taa aliziona, aliziona kutoka mbali sana, za njano, akasema moyoni nitahama, bado, mikate ya mdalasini ya kanisani ilikuwa kwenye kiti cha pembeni na trei ikaanza kuteleza, akaishika, sukari ikampaka vidoleni, na kwenye kioo nyuma hakukuwa na kitu, kushoto hakukuwa na kitu, barabara ilikuwa nyeupe hadi upeo wa macho, akawaza yupo pembeni huyo, anatosha, nitapita tu… aliwaza hivyo, nitapita tu, kisha akalamba kidole.

"Hakukuwa na treila," alisema.

Lori la ng'ombe lilikuwa likipita, upepo wake ukayabeba maneno hayo pamoja na harufu ya samadi, Curtis akaendelea kukaza nati, bado mbili, na angeweza kuishia hapo, amesema, Mungu amesikia, lakini Mungu alikuwa akijua tangu siku ile, na aliyeendesha lile gari la kuvuta kumpeleka mumewe kaburini ni Joleen, si Mungu.

"Umesemaje, mama?"

"Yule aliyemgonga Verlin ni mimi, bwana Curtis. Leni ilikuwa tupu."

Spana ikasimama. Magari yakaendelea kupita, moja likahama, moja halikuhama, Curtis hakugeuka, na Marlys, nyuma ya chuma, akajikuta anapanga jinsi atakavyobisha hodi kwa Joleen, na kwamba safari hii mikono yake ataiweka mgongoni, asije akashikwa tena kama kule koridoni.