Vifaranga Waliopanguswa

Mpimaji damu ya kuku alikuwa amesimama tangu asubuhi, na miguu yake ilishaacha kulalamika, imekata tamaa tu. Vichupa sitini na viwili vilikwisha kupita mikononi mwake. Lilibaki boksi la shangazi yake: vifaranga kumi wa wiki tatu, wawakilishi wa wenzao mia tatu waliobaki bandani. Jioni mnunuzi angekuja kuwachukua wote awasambaze kwa wafugaji wengine, mradi barua iseme hawana virusi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kirusi kikimwingia kifaranga, ini humwaga protini fulani kwenye damu kabla mbawa hazijalegea. Kifaranga anaweza kukuzuga kwa mbio zake. Damu yake haijui kuzuga.

Mashine ikakoroma weee, ikatoa majibu. Protini chini, wote kumi. Mpimaji akachukua kalamu, huku kitanda chake kikimwita kwa jina.

"Nilikwambia," shangazi akasema kutoka kwenye benchi. "Saini basi, usinizeeshe hapa."

"Shangazi, wewe umekuja umeshazeeka."

Akamrudisha kifaranga wa mwisho boksini, akajikuna pua. Vidole vilinukia sabuni. Akamwinua yule kifaranga, akamnusa. Sabuni. Tumbo lake jeupe kama shati la siku ya kwanza shuleni.

"Umewaogesha?"

"Nimewapangusa tu. Niwalete ofisini kwa watu wakiwa na mavi?"

"Na uliwakamataje? Nilikwambia ufumbe macho, uokote wowote."

Shangazi akaangalia dari. "Nani anapeleka ugenini mtoto mwenye makamasi?"

Mpimaji akaiweka kalamu chini taratibu, akabeba sindano na vichupa vipya, wakaongozana hadi bandani. Kule kwenye kona, chini ya taa, walijikunyata wale ambao hawakualikwa: macho nusu, mbawa chini. Akachukua damu ya kumi kati yao, akarudi nayo maabara akiburuta viatu, shangazi nyuma yake. Mashine ikakoroma tena. Wanane, protini juu.

Shangazi akayainamia majibu, akayasoma mara mbili.

"Wote mia tatu?"

"Hatoki hata mmoja. Kesho daktari wa mifugo atakuja kuwatenga. Tutakaowaokoa tutawaokoa."

"Ningekuletea hao, ungesema shangazi yako mfugaji mchafu."

"Ningesema ni shangazi yangu. Na saa hizi ningekuwa nimelala."

Shangazi akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. Akatoa simu, akampigia mnunuzi mwenyewe, bila kutumwa. "Usije," akasema. "Wangu wanaumwa."

Wakabaki wale kumi safi. Bandani hawarudi, maabara hailazi wageni, na lazima wapimwe tena baada ya siku chache. Shangazi akamtazama mpwa wake. Mpwa akatazama ukuta.

Mpimaji akaenda nyumbani kwake na boksi kwapani, likipiga kelele njia nzima na kunukia sabuni.