Maji Chini ya Turubai

"Betri za pikipiki! Tena kuukuu!"

Fundi alisonya. Miaka yote ametengeneza injini za petroli pale ufukweni, halafu leo shemeji yake, fundi redio asiyejua hata kushika kasia, ndiye wa kuitia umeme mashua waliyoachiwa na baba! Alishambandika jina, Bwana Betri, na ufukwe mzima ukalidaka.

Dada yake, mke wa huyo Bwana Betri, hakuona kichekesho. Petroli ilikuwa inammaliza. Akiba yote ameitia kwenye huo umeme. Isipokwenda, mashua inauzwa. Mnunuzi alishakuja kuikagua.

"Kaka, njoo basi uone tulivyoifunga."

"Nione nini? Macho yangu si jalala."

Mashua ilikaa juu ya magogo, imefunikwa turubai. Kwao, mashua ya mbao ikiwa nchi kavu hunyweshwa maji, mbao zisije zikakauka zikaachana. Jioni Fundi akapita, akaona ubavu umepauka. Wajinga hawa! Hata kunywesha mashua hawajui! Akajaza ndoo bombani, akainua pembe ya turubai, uso kaugeuza asilione lile dude la umeme, akamwaga. Akaongeza nyingine. Akaenda zake akinung'unika.

Asubuhi waliisukuma majini. Bwana Betri akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Wapi!

Fundi, kasimama mchangani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Si niliwaambia? Umeme ni wa taa, shemeji! Rudi kwenye redio zako!" Watu wakaangua kicheko naye. Raha aliyoisikia haisemeki.

"Jana mota ilizunguka vizuri," Bwana Betri alisema. Akang'oa ubao wa sakafuni. Betri alizipanga chini kabisa, ndani ya beseni la plastiki, mashua isiyumbe. Zote zilikuwa zimezama.

"Inavuja hiyo," mtu akadakia.

Bwana Betri alichovya kidole, akaonja. "Hayana chumvi. Haya ni ya bomba."

Dada mtu akamgeukia Fundi taratibu.

"Mbao zilikuwa zinakauka," Fundi alisema.

"Tulizipaka mafuta kwa ndani, kaka. Ungechungulia tu, ungeona."

Dada yake akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyake vikavu.

"Haya, wewe ndiye hujalowa," alisema. "Kamwite mnunuzi."