Mguu wa Kushoto wa Lameck

Barua ile niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu. Nasema mapema ili asije akasingiziwa mtu mwingine.

Watu wa gemu walifika kijijini kwetu Mogitu mwaka juzi, wakati wa kiangazi, na magari mawili. Walikuwa wanatengeneza gemu kubwa, ya aina ile ambayo watu mia kadhaa huifanyia kazi miaka mitano, na ndani yake walitaka shujaa wa kwetu anayepambana na simba kwa mkuki. Walikodi ghala la zamani la ngano, wakafunga kamera ukutani pande zote, wakatundika suti nyeusi ya kubana yenye vidude vyeupe vya duara kwenye viungo. Mtu akiivaa na kurusha mkuki, kompyuta inachukua mwendo wake tu, bila ngozi wala sura. Baadaye mwendo huo unavikwa mwili wowote wanaoutaka. Haya tulielezwa na Hilda, dada wa Arusha aliyekuwa wakala wao. Tulisikia wote. Hatukutilia maanani.

Vijana wakajipanga foleni. Ilikuwa aibu. Wajukuu wa watu walioua simba walirusha mkuki kama mtu anayetupa kuni jikoni. Lameck, dereva wa bodaboda, mzuri wa sura kuliko wote, alirusha wake ukatua ubavu, ukateleza hadi miguuni kwa Hilda.

"Huyo simba wako amekufa kwa kicheko," akasema Loveness, binamu yake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Loveness alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na akiwa shuleni alirusha mkuki mpaka ngazi ya mkoa. Alipokuwa mdogo maksai wa plau alimkanyaga mguu wa kushoto, ukaunga vibaya. Akitembea anauvuta. Akirusha, anauzungusha nyuma yake nusu duara, anakita kisigino, na mwili mzima unafyatuka kama mtego. Siku ile alirusha mara moja tu. Mzungu wa kompyuta akasimama juu ya kiti.

Kwa siku tisa walimvalisha ile suti. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walizunguka makusudi kuja kuchungulia, wakasema mtoto wa watu anatembea uchi mweusi. Alivumilia. Alikuwa ameahidiwa kwamba gemu itakuwa na mashujaa wawili, mwanamume na mwanamke, na mchezaji atachagua wa kumchezea. Mwanamke atakuwa na sura ya Loveness na jina lake. Mwanamume atapewa sura ya Lameck, ambaye walimpiga picha za uso asubuhi moja, basi. Mwendo wa wote wawili ulikuwa wa Loveness, kwa kuwa hawakuwa na mwingine.

"Mtoto wa Japani atabonyeza pedi yake ya gemu, mimi nitakimbia," alikuwa akisema. "Atabonyeza tena, nitarusha. Na akiniona atajua naitwa nani."

Sijapata kumwona mtu akitaka kitu namna ile. Alikuwa na mchumba kutoka Bashay, kijana wa familia nzuri. Loveness alimwambia asubiri mpaka gemu itoke.

Mwaka ukapita. Siku moja Onesphory, mwenye kibanda cha gemu pale Endasak, akaja kwetu ameshika simu. Kampuni ilikuwa imeonyesha picha za mwanzo, na wachezaji wa nje walikuwa wanatukanana. Wapo waliosema mwanamke mwenye mkuki ni uongo, amebandikwa tu kufurahisha watu fulani. Wapo waliosema gemu ile ina majoka yanayoongea na hakuna aliyelalamika, sasa uongo umeanzia kwa mwanamke? Kampuni yenyewe ilisema inafikiria kumwondoa, maana kumtengeneza mwanamke ni kazi mara mbili: nguo upya, sauti upya, na mifupa upya, ndivyo wanavyokiita kiunzi kinachobeba mwendo.

"Mifupa upya ya nani?" Loveness akauliza. "Mifupa yote waliyonayo ni yangu. Wa kuongezwa ni Lameck."

Onesphory akacheka. "Dada, mimi nakwambia ya kibandani. Kijana akichagua kucheza na demu, wenzake watamtania mpaka Krismasi."

"Wanaogopa nini?"

"Kuuawa na simba wakiwa wamevaa gauni."

Ndipo barua ya kampuni ikaja. Hilda aliileta mwenyewe, kwa Kiingereza, imeelekezwa kwa wazee wa mila. Akaiacha, akasema atarudi keshokutwa kuchukua majibu. Tukakutana ofisi ya kijiji. Katibu ni mimi, Akonaay. Mimi ni Mwiraqw, mtu wa kabila jingine kati ya Wabarbaig, lakini kalamu ni yangu, kwa sababu Kiingereza nilijifunza ukubwani, kwa madarasa ya jioni na kamusi mbili, nikiwa tayari na watoto sita. Katika ofisi ile hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Nikasimama, nikasoma kwa sauti, nikatafsiri. Kampuni inauliza kama kwa mila za hapa mwanamke hurusha mkuki. Nikakunja karatasi, nikakaa.

"Shikamooni wazee." Ilikuwa sauti ya Loveness, dirishani, nyuma ya kiti changu. "Babu katibu, na upande wa pili?"

"Upande gani?"

"Wa karatasi. Imeandikwa pande zote mbili. Hata hapa nilipo naona wino."

Alikuwa ameinyooshea kidole. Nikaigeuza. Ilikuwa kweli.

"Katibu wetu amesoma ng'ombe kichwa," akasema mzee Qamara, "mkia kamwachia mtoto!"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa, akapigwa mgongoni. Nikasoma upande wa pili masikio yakiwaka moto. Sentensi yenye uzito ilikuwa huko. Wazee wakisema hawana pingamizi, mwanamke atabaki kwenye gemu. Wakipinga, ataondolewa.

Loveness akaomba kusema, akaruhusiwa kuingia. Akasimama mbele ya babu yake, mzee Gidabuday, wa mwisho kwetu kuua simba kwa mkuki. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwa Wabarbaig mtu akiua simba hutendewa kama mwanamke aliyejifungua. Hukaa ndani, hupakwa samli, huvikwa mikufu na bangili za wanawake, na ndugu humletea ng'ombe.

"Babu," akasema, "ulipoua simba walikuvika mikufu ya bibi. Wazee walitafuta heshima kubwa kuliko zote ya kukupa, wakaenda kuiazima kwa mwanamke. Mimi naomba picha tu, mwanamke mwenye mkuki. Mila inakataaje?"

Hoja ilikuwa nzuri. Mimi napenda hoja, na niliona jinsi ile ilivyosimama wima. Wazee wengi walitazama sakafu, na kwa wazee wetu kutazama sakafu ni nusu ya kukubali.

Gidabuday akanyoosha shingo. "Mikufu nilivikwa kwa sababu niliua. Wewe umeua nini?"

"Sijaua, babu."

"Umerusha fimbo ghalani, mbele ya Wazungu, umevaa soksi mwili mzima."

Wakacheka.

"Na Lameck ameua nini?"

"Lameck ni mwanamume. Bado ana muda."

Hapo ofisi ikatikisika. Lameck mwenyewe, aliyekuwa ameketi juu ya pikipiki yake nje, akapiga honi. Loveness alibaki amesimama katikati ya kicheko akisubiri kiishe aendelee. Kilipoisha, hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Watu walikuwa wanatafuta kofia zao.

"Katibu," akasema Qamara akinyanyuka, "andika unavyoona inafaa. Wewe ndiye msomi." Alipofika mlangoni akageuka. "Ila uandike pande zote mbili."

Asubuhi iliyofuata niliketi mezani kwangu na karatasi safi. "Hatuna pingamizi" kwa Kiingereza ni maneno manne, na nilikuwa nayajua. Niliikumbuka hoja ya binti. Nikakikumbuka na kicheko, na kidole chake kikionyesha karatasi mkononi mwangu. Nikaandika kwamba wazee wa Mogitu, kwa kauli moja, wanaona mwanamke mwenye mkuki ni tusi kwa mila zao. Nikaandika pande zote mbili.

Hilda aliisoma akiwa amesimama. "Mzee, ndivyo walivyosema?"

"Kwa kauli moja," nikajibu.

Gemu ilitoka mwaka huu, mwezi wa nne. Kibanda cha Onesphory kilijaa mpaka watu wakasimama juu ya matofali kuchungulia madirishani. Mimi nilipewa kiti mbele. Kwenye runinga akatokea Lameck, kifua kama mlango, uso wake mwenyewe hadi kovu la kidevu. Vijana wakapiga mbinja. Kisha Onesphory akabonyeza pedi, na Lameck wa kwenye runinga akaanza kutembea.

Alikuwa anavuta mguu wa kushoto.

Akauzungusha nyuma yake nusu duara, akakita kisigino, mwili ukafyatuka, simba akaanguka. Kila mtu mle ndani alikuwa anaujua mguu ule tangu ulipovunjika. Vichwa vikageuka kumtazama Loveness, aliyekuwa amesimama mlangoni. Naye alitutazama, mmoja mmoja, akisubiri.

"Lameck, baba!" Onesphory akapiga kelele. "Kumbe unaweza!"

Vijana wakalipuka. Lameck alimwangalia binamu yake kidogo, kisha akainua mkono juu. "Ni mazoezi tu," akasema.

Tangu siku ile Lameck hatembei sawasawa. Akishuka kwenye pikipiki anauvuta mguu ule usio na kasoro mpaka dukani. Watu wanatoka Katesh na Babati kupiga naye picha, na kwenye sherehe ya wilaya aliuvuta mbele ya mgeni rasmi, akapigiwa makofi. Gidabuday alimvika mikufu ya marehemu mkewe, ingawa hajaua hata panya. Yule mchumba wa Bashay alioa kwingine.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa nje ya mashine ya kusaga, nikisubiri unga wangu. Loveness akapita na debe la mahindi kichwani. Watoto waliokuwa wanatoka shule wakasimama.

"Mwoneni! Naye anamwiga Lameck!"

"Tena hajui," akasema kabinti kamoja ka darasa la kwanza, mtoto wa mgeni aliyehamia juzi. Kakaweka daftari chini. "Dada, siyo hivyo. Lameck anauzungusha zaidi. Tazama."

Kakavuta mguu wake mdogo vumbini, nusu duara, kakakita kisigino. Loveness alisimama na debe lake, akatazama mpaka mwisho.

"Umeona?" kakauliza. "Haya, jaribu."

Loveness akaniona pale nilipoketi.

"Shikamoo, babu katibu."

"Marahaba," nikasema.

Akaanza kuondoka. Safari hii alijitahidi kuunyanyua mguu anyooshe hatua, kama watu wengine, ili wamwache. Mguu ukakataa. Debe likayumba, mahindi yakamwagika begani, na watoto wakamfuata nyuma, wote wakivuta miguu ya kushoto, wote wakifanya vizuri kuliko yeye.