Kitabu Alichobakiza Kagaruki

Vita vilitumalizia maktaba. Watu waliokimbia mapigano ya mpakani walilala katika madarasa yetu pale Kagoma, wakatumia vitabu kuwashia moto, na siwalaumu. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, watoto wana njaa. Majeshi yalipopita tulibaki na rafu tupu na Biblia moja isiyo na Mwanzo.

Ugonjwa ndio ulioijaza tena. Kufika mwaka 1987 masanduku yalikuwa yanaingia karibu kila mwezi: vitabu vya sheria, vya udaktari, vya madaraja na barabara, vya udongo na kahawa. Mkuu wa shule aliandika kwa chaki mlangoni, “Makusanyo Mapya ya Utafiti”, na mkaguzi alipokuja kutoka Bukoba akanishika mkono kwa furaha. Alisema hajaona shule ya kijijini yenye rafu nzima ya sheria. Sikumwambia kwamba rafu ile ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, na ya udaktari iliyofuata ilikuwa ya kaka yangu wa pili. Wote wawili walikuwa wamelala kibanjani kwetu, chini ya migomba.

Nieleze jambo moja, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Katika ukoo wetu, mtu akifa, mrithi wake, omusika, hukabidhiwa mbele ya watu kitu ambacho marehemu alikuwa akikitumia. Zamani ilikuwa nguo. Lakini ugonjwa ulipoingia watu waliziogopa nguo, wakawa wanazichoma moto na godoro juu yake. Basi wazee wakakubaliana kwamba kwa msomi kitabu kinatosha. Ndiyo maana sanduku lililoletwa maktaba lilikuwa na vitabu vyote isipokuwa kimoja. Hicho kimoja kilibaki nyumbani kumsubiri mrithi.

Mimi nilizicheka sana habari hizi. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimepewa na maktaba juu yake, na nilisema waziwazi katika chumba cha walimu kwamba kitabu ni karatasi na wino, basi.

Kisha akaja mdogo wangu Kagaruki. Alikuwa mhandisi wa maji Mwanza, mwanamume pekee aliyesalia katika nyumba yetu. Aliteremka kwenye gari la mizigo mbele ya shule, akateremsha na sanduku, akacheka aliponiona natoka mbio na chaki mkononi.

“Mwalimu Klaudia! Nimekuletea vitabu.”

“Umehamishiwa Bukoba?”

“Nimepumzika kazi kidogo.”

Nilifurahi kama mjinga. Miaka yote ile nilikuwa napokea vitabu kutoka kwa wajane na mashemeji, leo mwenyewe analeta vyake, anatembea, anataniana na wanafunzi. Niliita kidato cha nne kizima waje wapige makofi. Shati lilikuwa linampwaya mabegani, nikajiambia ni uchovu wa meli.

Nilianza kuvipanga jioni ile ile, yeye amekaa juu ya meza ya kusomea akininyooshea kimoja kimoja. Pampu, mabomba, hesabu za mikondo ya maji. Sanduku likaisha. Niliinamisha kichwa ndani yake kama vile kitabu kingeweza kujificha kwenye kona.

“Atlasi iko wapi?”

Atlasi ile aliipata kwa zawadi alipomaliza darasa la saba, na baba akaivalisha jalada la lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti tunachozikia watu wetu. Alikwenda nayo kila mahali. Hakuna mtu wa kwetu aliyemjua Kagaruki asiijue.

“Iko nyumbani,” akasema. “Nimeibakiza.”

Alisema kwa upole tu, huku akifuta vumbi mikononi. Nikakaa sakafuni. Hatukusema neno la ugonjwa, wala siku ile wala baadaye.

Usiniulize nilifikiri nini, maana sikufikiri. Kesho yake nilikwenda nyumbani, nikaichukua atlasi juu ya kabati lake, nikaja nayo shule, nikaipiga mhuri ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Mhuri huo nilikuwa nimeununua dukani kwa Harshad mjini, wa raba nzuri, hauchezi. Kitabu chenye mhuri wa shule ni mali ya shule. Hakirithiwi. Na kama hakuna cha kumkabidhi mrithi, basi mrithi wa nini, na msiba wa nini? Huo ndio ulikuwa ujanja wa mwalimu wa fizikia.

Kagaruki alikuja mchana, ana hasira.

“Dada, umeniibia.”

“Unaweza kuazima kama watu wengine.”

“Kitabu changu?”

“Wiki mbili. Ukitaka kuongeza muda unakuja mwenyewe. Sipokei mtu wa kutumwa.”

Hasira ikamtoka. Alielewa. Akatia sahihi, nikapiga tarehe, akaondoka na atlasi kwapani.

Alikuja kuongeza muda, akaja tena. Mara ya kwanza kwa miguu, mara ya pili kwa baiskeli akiwa amepakiwa nyuma. Iliyofuata alikuja na fimbo, na kutoka mlangoni hadi mezani kwangu alipumzika kwenye kila kiti. Wanafunzi walisimama kumpisha. Niliona wanavyonitazama mimi, na niliwachukia kwa hilo. Lakini kila nilipopiga tarehe mpya moyo wangu ulitulia, nikala, nikalala.

Safari iliyofuata mlangoni alisimama baba mdogo Mushumbusi, msemaji wa ukoo wetu, atlasi ameishika kwa mikono miwili.

“Waitu mwalimu,” akaniita kwa heshima ya kwetu, “ameshindwa kuja. Anaomba umwongezee.”

Kanuni ilikuwa yangu, nami sikuweza kuivunja. Niliogopa kuivunja, ndiyo kweli. Nikaweka mhuri na kidau cha wino kwenye kikapu, nikafunga maktaba, nikamfuata hadi nyumbani.

Kagaruki alikuwa kitandani, macho makubwa. Niliweka atlasi juu ya kifua chake. Haikuwa ikiinuka sana. Nikachagua tarehe ya mbali, msimu wa senene, wakati watoto wanakimbizana nje alfajiri na kila nyumba inanukia kikaango.

“Mbali hiyo, dada,” akasema.

“Ndivyo ninavyotaka.”

“Utanitoza faini.”

“Nitakutoza.”

Alicheka, akakohoa, akashika mkono wangu uliokuwa na wino.

Senene walikuwa bado hawajafika. Tulimzika kibanjani karibu na kaka zake, na matanga yalipokwisha watu wakakaa kwenye nyasi kungoja mrithi. Mushumbusi akasimama na atlasi. Akatazama upande wa wanaume wa nyumba yetu. Mkeka ulikuwa mtupu.

“Wanaume wa nyumba hii wamekwisha,” akasema. “Amebaki huyu. Klaudia mwanangu, simama.”

Nilisimama. Alifungua ukurasa wa kwanza, akauonyesha mhuri kwa kidole.

“Wewe ndiye mwenye kujua. Hiki ni cha shule, au ni cha nyumba? Kama ni cha shule tutaondoka, hatutakulazimisha.”

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilitaka kusema ni cha shule. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, mhuri ulikuwa unaonekana. Lakini nikaona jinsi lubugo lilivyochakaa pale vidole vyake vilipozoea kushika, nikajua hakuna mtu mwingine duniani wa kushika pale.

“Ni cha nyumba,” nikasema.

Nikanyoosha mikono. Tarehe niliyompa ilikuwa haijafika.