Kumbukumbu ya Mafua

Je, mwili uliowahi kuugua mafua ya binadamu unaweza kuyatambua mafua ya ndege siku yakiuingia? Swali hilo nilikuwa nalo tangu Januari ya mwaka 1998, mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyeweza kunijibu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba huko Hong Kong watu kadhaa wamekufa kwa homa iliyotoka kwa kuku, na kwamba kuku wote wa mji ule wameuawa.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari. Baada ya kipindi nilimfuata mhadhiri wetu. Alinieleza kwamba ganda la kirusi cha mafua lina protini za aina mbili. Katika kirusi cha Hong Kong, aina ya kwanza ni ngeni kabisa kwa binadamu. Ya pili inashabihiana na ile ya mafua fulani ya kawaida, hasa yaliyoenea wazee wetu walipokuwa watoto. Huenda miili yao bado inaikumbuka. Kumbukumbu hiyo isingeuzuia ugonjwa, alisema, bali pengine ingeupunguza makali.

"Huenda," alirudia, akifunga mkoba wake. "Usimwambie mtu kwamba ndiyo."

Bibi yangu Mwanakombo, mzaa mama, ndiye aliyenilea nyumbani kwake Kiwalani. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la kuku aliowatunza kwa ajili ya Idi. Mwanzoni mwa mfungo mafua yalimlaza kitandani hata ikabidi ale mchana, jambo lililomuuma kuliko homa yenyewe. Nilipokuwa nikimkanda kifua nilimsimulia maneno ya mhadhiri, nikitaka aone kwamba hata ugonjwa huo huenda una faida yake.

"Kwa hiyo haya mafua yananisomesha?" aliuliza.

"Huenda, Bibi."

"Basi mie msomi kukushinda wewe. Nimeanza kuyapata Mwingereza yupo."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikafurahi kwamba nimempa cha kuchekea.

Siku chache kabla ya Idi kuku walianza kusinzia. Mabawa yaliwalegea, shingo zikapinda, na wawili wakafa kabla ya adhuhuri. Kideri, ugonjwa unaoua kuku, hupita Kiwalani karibu kila mwaka, na dalili zile zilikuwa zake. Hata hivyo nilijua kwamba mafua makali ya ndege nayo huweza kuleta dalili za namna hiyo, na kwamba mtu aliyesimama nje ya banda hana macho ya kuyatofautisha.

Kwetu kuku akianza kusinzia haachwi. Hukamatwa upesi na kuchinjwa kabla hajawa kibudu asiyelika, na nyama hugawanywa kwa majirani. Kwa hiyo baada ya alasiri Mjomba Jamali, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuja na kisu chake. Jirani yetu Zubeda naye alikuwa amekwisha kuketi barazani, sufuria mapajani, akisubiri fungu lake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, daktari. Hebu nikamatie huyo mweupe. Akitutangulia, hatuna letu."

Nilipogusa mlango wa banda, Bibi alinishika gauni kwa nyuma.

"We usiingie. Naingia mie."

"Bibi, juzi tu umetoka kitandani."

"Ndiyo maana. Mwalimu wako si kasema miili ya wazee inakumbuka? Huo wako unakumbuka nini, mtoto wa juzi?"

"Alisema huenda."

"Hiyo huenda inanitosha. Sogea, mke mwenzangu."

"Mnagombea kuku mgonjwa kama mnagombea mume," alisema Mjomba.

"Mume wenyewe ashakufa," Zubeda alidakia kutoka barazani, "mnagombea kaburi."

Bibi hakucheka. Alikuwa amekwisha kujifunga kanga puani, na chini ya kitambaa kile nilisikia pumzi yake ikikwaruza kama siku zile za homa. Nilimtazama machoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuamini hata kidogo kuwa mwili wake una kinga. Maneno niliyompa kumliwaza aliyaweka akiba, ili ikibidi mmoja wetu aingie, apate hoja ya kuwa yeye.

"Bibi, unaogopa?"

"Naogopa kukuzika, Raudha," alisema kwa sauti ya chini, ili wenzetu wasisikie. "Mie nimeshazika wa kutosha."

Niliifungua kanga ile taratibu, fundo kwa fundo. Hakunizuia. Niliushika mkono wake, nikahisi joto ambalo halikuwa la jua, nikamwongoza mpaka barazani, nikamketisha karibu na Zubeda. Mjomba alikuwa bado amesimama penye mlango wa banda.

"Sasa inakuwaje?" aliuliza. "Wanakufa hao."

"Mjomba, naomba urudishe kisu ndani. Hachinjwi hata mmoja."

"Na Idi?"

"Idi tutakula wali na maharage."

Zubeda alilitazama sufuria lake, kisha akamtazama Bibi. Bibi alinitazama mimi.

"Inaelekea ni kideri," niliwaambia wote watatu, "lakini sina hakika. Na kama mwili wa Bibi una kinga yoyote, hilo silijui, wala mwalimu wangu halijui. Kwa hiyo banda linabaki limefungwa. Bibi haingii, mimi siingii, na dada Zubeda hapeleki nyama hii kwa watoto wake. Nakwenda Kipawa sasa hivi kumwita bwana mifugo. Mjomba, kaa na Bibi hapa mpaka nirudi."