Vikoleo Visivyong'aa

Daktari wa macho aliingia karakanani kwangu akavimwaga mezani vikoleo nilivyompelekea juzi.

"Fundi, hivi havifai."

Nilidhani ananitania. Mimi nilianza kupaka bampa za magari kromu kabla sijaota ndevu, na kitu kikitoka kwenye beseni langu la dawa najitazama humo kwanza. Nikiona hadi kope zangu, najua kazi imekaa. Vikoleo hivi vya upasuaji vilikuwa vimeliwa na kutu kwa kuchemshwa kila siku. Nilivisugua, nikavipaka utando mpya, vikawa kama kioo. Tena haikuwa kazi ya mgeni: mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho, naye alikuwa akisubiri kupasuliwa kwa vikoleo hivyo hivyo.

"Vimeshika kutu?"

"Hapana."

"Utando umebanduka?"

"Wala. Vinang'aa mno."

Kung'aa ndiyo kazi yenyewe! Akawasha tochi, akamulika kikoleo kimoja, mwanga ukanirukia usoni nikafumba macho.

"Taa yangu ni kali kuliko hii, fundi. Nami nifumbe macho nikiwa ndani ya jicho la mkeo?"

Nilimwelewa, kisha tena sikumwelewa. Nyumbani nikamlalamikia mke wangu.

"Kwani baba watoto, unataka daktari aone au ajipodoe?" akasema, huku akipapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nilinuna, halafu nikaona aibu.

Kesho yake niliing'oa kromu yote. Nikakipulizia chuma mchanga laini mpaka kikafifia, ndipo nikapaka utando upya. Vikatoka vya kijivu, kama sufuria kuukuu. Nilivigeuzageuza nikitafuta sura yangu, haikuwemo. Sikujua kama nimetengeneza au nimeharibu. Nilivipeleka hivyo hivyo.

Daktari akavimulika, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa naweza kumpasua."

Siku ya kufunguliwa bandeji, mke wangu alipepesa macho, akanikodolea kama mtu asiyemjua. Nilijua haoni, na nilijua ni vile vikoleo vyangu vilivyofifia.

"Baba watoto," akasema taratibu, akinigusa kichwani, "mvi zote hizi zimeota lini?"

Mimi ninayejitazama kwenye bampa kila siku, nilipapasa kichwa changu nikizitafuta.